Panya Weupe na Siri ya Homa ya Ndege

Mwezi wa Mei mwaka 1997 mtoto wa kiume wa miaka 3 alilazwa hospitalini huko Hong Kong akiwa na homa na kikohozi. Baada ya siku chache akafariki dunia. Madaktari walichukua majimaji ya kooni mwake wakapata humo virusi vya mafua, lakini kila walipojaribu kuvitambua kwa vipimo vya mafua ya binadamu, havikuafikiana na kimoja. Ilipofika Agosti, maabara za Marekani, Uingereza na Uholanzi zilitoa jibu ambalo hakuna aliyelitazamia: vilikuwa virusi vya kuku, vya aina inayoitwa H5N1. Mapema mwaka huo kuku walikuwa wamekufa kwa wingi katika baadhi ya mashamba ya Hong Kong, na wala haikudhaniwa kwamba maradhi ya banda yangeweza kuingia katika chumba cha mtoto.

Kabla ya mwaka kwisha, watu 18 walikuwa wameugua, na 6 kati yao walikufa. Tarehe 29 Desemba serikali ya huko ilianza kuwaua kuku wote wa mashambani na masokoni. Zaidi ya kuku milioni moja waliangamizwa katika muda wa siku chache. Wafanyabiashara waliona mtaji wao ukitiwa katika mifuko ya plastiki na kwenda kuzikwa, na walaji waliozoea kununua kuku akiwa hai walirudi nyumbani na vikapu vitupu. Ugonjwa ukakoma.

Kuku walikuwa wamekwisha, lakini swali halikwisha. Tangu zamani wataalamu walifundishwa kwamba mafua ya ndege hukaa kwa ndege, na kwamba ili yaweze kumdhuru mwanadamu ni lazima kwanza yachanganyike na mafua ya mnyama mwingine, mathalan nguruwe. Virusi vya Hong Kong havikufuata utaratibu huo. Vilitoka kwa kuku moja kwa moja vikaua watu. Tena havikuwatendea wagonjwa wote sawasawa: wengine waliugua kidogo wakapona, na wengine mapafu yao yaliharibika kwa siku chache tu. Je, tofauti hiyo ilikuwa katika miili ya wagonjwa au katika virusi vyenyewe? Mwanadamu hawezi kuambukizwa kwa makusudi ili swali la namna hiyo lijibiwe. Ndipo alipoitwa panya.

Yafaa ieleweke ni panya gani anayezungumzwa. Lugha ya Kiswahili humwita panya kila mmoja wao, kuanzia yule mdogo anayepita chini ya mlango hadi panya-buku anayetoboa magunia ya unga katika ghala la kikosi. Panya wa maabara ni yule mdogo, mwenye uzito wa gramu 20 hivi. Ukoo mmoja mashuhuri unaotumika sana katika kazi ya mafua ni weupe wenye macho mekundu, nao huitwa BALB/c. Asili yao ni panya walionunuliwa na mtaalamu Halsey Bagg huko New York mwaka 1913. Tangu miaka ile ya mwanzo ndugu wameozeshwa kwa ndugu, kizazi baada ya kizazi, hata leo hii panya wa ukoo huo wanafanana kama mapacha wa tumbo moja. Jambo ambalo kwa mwanadamu ni mwiko, kwa maabara ni faida kubwa. Panya wawili wakipewa virusi viwili tofauti, mmoja akafa na mwingine akaishi, hakuna awezaye kudai kwamba aliyekufa alizaliwa dhaifu. Lawama yote huangukia virusi.

Tone puani

Kazi ya kuwajaribu panya kwa mafua si mpya. Mwaka 1933 Waingereza watatu, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw, walifaulu kuvipata virusi vya mafua ya binadamu kwa kumtumia fereti, mnyama mdogo mwenye mwili mrefu, wa jamaa ya kicheche. Fereti hupata mafua kama mtu, hata chafya hupiga. Mwaka 1936 fereti mgonjwa alimpigia chafya usoni mtaalamu Charles Stuart-Harris, naye akaugua mafua. Likawa ni jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Lakini fereti ni ghali, hula sana na huuma. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1934 panya alishika zamu.

Hata hivyo panya alikuwa na kasoro moja. Virusi vya mafua ya mtu vikitiwa puani mwa panya kwa mara ya kwanza, aghalabu hafi, wala pengine haonyeshi ugonjwa. Ili vimdhuru ilibidi vichukuliwe kutoka mapafu ya panya mmoja na kutiwa kwa mwingine, kisha kwa mwingine, mpaka vizoee. Ni kama askari mgeni anayepelekwa katika milima asiyoijua: huhitaji muda kabla ya kuzifahamu njia.

Virusi vya Hong Kong havikuhitaji muda huo. Katika Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa vya Marekani, mjini Atlanta, wataalamu walivichukua virusi vilivyotoka kwa wagonjwa mbalimbali, wakavikuza, kisha wakawapa panya wa BALB/c. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1999. Virusi vyote vilikua katika mapafu ya panya bila ya kuzoezwa kwanza.

Namna kazi hiyo inavyofanywa yastahili kuelezwa, kwa maana wengi hudhani kwamba maabara ni mahali pa mashine tu. Panya hupewa dawa ya kumlaza usingizi kwanza. Akisha kulala, hudondoshewa puani tone dogo la maji yenye virusi, naye hulivuta ndani pamoja na pumzi yake. Kisha hurudishwa katika kizimba. Tangu hapo kazi kubwa ni kupima uzito. Kila asubuhi, kwa muda wa siku 14 hivi, kila panya huwekwa juu ya mizani na uzito wake huandikwa. Panya mgonjwa huacha kula, manyoya yake husimama, mgongo huinama, naye hujikunyata pembeni. Lakini kabla ya dalili hizo kuonekana vizuri, mizani huwa imekwisha kusema. Akina mama wanaowapeleka watoto wachanga kliniki kupimwa uzito wanaijua maana ya kadi ambayo mstari wake unashuka.

Panya anayepungua kupita kiasi kilichowekwa, mara nyingi robo ya uzito wake, hasubiriwi afe kwa mateso. Huuawa kwa njia isiyo na maumivu na kuhesabiwa miongoni mwa waliokufa. Wengine huuawa katika siku zilizopangwa tangu mwanzo, ili mapafu, ubongo na viungo vingine vipimwe kuona virusi vimefika wapi na kwa wingi gani. Kipimo cha zamani ambacho kingali kinatumika ni yai. Maji yaliyosagiwa kiungo hicho hutiwa ndani ya yai la kuku lenye kifaranga kinachoanza kuumbika; baada ya siku moja au mbili huangaliwa kama virusi vimezaana humo. Ni ajabu kidogo kwamba ugonjwa wa kuku hupimwa kwa panya, na panya naye hupimwa kwa yai la kuku.

Kazi yote hii hufanyika katika vyumba ambavyo hewa yake haitoki nje mpaka ipite katika vichujio maalumu. Hewa huvutwa kuelekea ndani daima, hata mlango ukifunguliwa. Watumishi huvaa mavazi ya kujikinga na vifaa vinavyowapa hewa iliyochujwa, na huoga kabla ya kutoka. Mizoga haitupwi jaani. Kila kitu huunguzwa au hupikwa katika mvuke wenye shinikizo kali.

Herufi moja tu

Huko Atlanta ilionekana kwamba virusi vya Hong Kong ni vya makundi mawili. Kundi moja lilijaa mapafuni, kisha likaenea hadi viungo vingine, hata ubongo, na panya wakafa kwa kipimo kidogo sana cha virusi. Kundi la pili lilibaki katika njia za pumzi, na panya wengi wakaokoka. Wawakilishi wa makundi hayo walipewa namba 483 na 486. Namba 483 ilitoka kwa mgonjwa aliyefariki; namba 486 ilitoka kwa mgonjwa aliyepona. Ulinganifu huo haukuwa kamili kwa kila mgonjwa, lakini ulitosha kuonyesha kwamba sehemu ya jibu imo katika virusi vyenyewe.

Hapo kazi ilishikwa na kundi la Yoshihiro Kawaoka, Mjapani anayefundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison. Virusi vya mafua hubeba urithi wake katika vipande 8. Kundi hilo lilikuwa limekwisha kuvumbua, mwaka 1999, njia ya kuviunda virusi vya mafua maabarani kutokana na vipande hivyo. Kwa njia hiyo walitengeneza virusi vya mchanganyiko: kipande kimoja kutoka kwa muuaji na saba kutoka kwa mpole, au kinyume chake, kisha wakawauliza panya. Ilikuwa ni kazi ya subira, kama fundi wa bunduki anayebadilisha kipande kimoja kimoja ili ajue kipi kinachokwamisha.

Mwaka 2001 walitangaza walichokiona. Tofauti kubwa ilikuwa katika kipande kinachoitwa PB2, ambacho ni sehemu ya kiwanda cha virusi cha kujinakili. Protini ya PB2 ni mnyororo wa viungo zaidi ya 700, na kiungo kimoja, cha 627, ndicho kilichokuwa na uzito. Katika virusi vikali mahali hapo palikuwa na kiungo kiitwacho lisini. Katika virusi vipole palikuwa na asidi ya glutamiki. Walipobadilisha kiungo hicho kimoja, ukali kwa panya nao ulibadilika. Ni kama herufi moja katika barua ndefu iliyogeuza "paa" kuwa "pua". Waligundua pia kwamba peke yake haikutosha. Ilihitajika vilevile kwamba protini ya nje ya virusi iwe ya aina inayopasuliwa kwa urahisi na seli za viungo vingi.

Kwa nini kiungo hicho? Maelezo mojawapo ni joto. Virusi vya mafua ya ndege huzoea tumbo la ndege, ambalo joto lake ni digrii 41 hivi. Pua ya mwanadamu, ipitayo hewa ya nje, ina digrii 33 tu. Virusi vyenye lisini mahali pa 627 hujinakili vizuri hata katika ubaridi huo. Kwa hiyo leo, popote duniani ambapo mtu au mnyama ameambukizwa homa ya ndege, moja ya mambo ya kwanza yanayotazamwa katika virusi vyake ni kiungo hicho.

Dawa nazo zilipitia kwa panya. Mwaka 2004 virusi vikali zaidi vya H5N1 viliwaua watu huko Vietnam, na madaktari wakatumia oseltamivir, dawa ambayo kwa mafua ya kawaida hunywewa kwa siku 5. Katika hospitali ya watoto ya St. Jude, mjini Memphis, panya waliambukizwa virusi kutoka Vietnam, kisha wakapewa dawa hiyo. Waliotibiwa kwa siku 5, kwa kipimo kikubwa zaidi kilichojaribiwa, waliokoka nusu yao, na waliokufa walikufa baada ya dawa kukatwa: virusi vilivyosalia viliinuka tena. Waliotibiwa kwa siku 8 kwa kipimo kile kile waliokoka 80 kwa kila 100. Taarifa hiyo ya mwaka 2005 iliwapa madaktari sababu ya kufikiri upya juu ya urefu wa matibabu, ingawa hakuna aliyedai kwamba siku 8 za panya ni siku 8 za mtu.

Ushahidi wa panya una mipaka, na mwenye kuutumia hana budi kuijua. Panya hapigi chafya wala hakohoi kama mtu, na si rahisi kumwambukiza jirani yake mafua. Swali la kama ugonjwa utaenea kwa njia ya hewa hurudishwa kwa fereti. Tena panya wa maabara ni askari aliyenyang'anywa silaha. Mwaka 1962 Jean Lindenmann wa Uswisi aliona kwamba panya wa ukoo mmoja, A2G, hawadhuriwi na mafua yaliyowaua wenzao. Baadaye iligunduliwa kwamba panya hao wana jini inayofanya kazi, iitwayo Mx1, ambayo hutengeneza protini ya kuvizuia virusi vya mafua. Karibu koo zote za maabara, pamoja na BALB/c, zina jini hiyo ikiwa imevunjika.  Binadamu ana protini ya jamaa hiyo iliyo nzima. Kwa hiyo mtaalamu akisema virusi fulani viliwaua panya wote kumi, swali la kwanza la mwenzake huwa: panya wa ukoo gani?

Watu wengine huwahurumia panya hao, nao hawana kosa. Tangu mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, walipendekeza kwamba pawapo njia nyingine itumike badala ya mnyama. Isipokuwapo, wanyama wapunguzwe. Na wanaotumika wapunguziwe mateso. Nchi nyingi zimeyafanya hayo kuwa masharti.

Msomaji wa Uganda asidhani kwamba habari hizi ni za mbali. Taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano, ilijijengea jina kwa panya weupe. Mwaka 1937 damu ya mwanamke mmoja wa wilaya ya West Nile aliyekuwa na homa ilidungwa katika panya, na kikapatikana kirusi kipya kinachojulikana sasa dunia nzima kwa jina la wilaya ile. Mwaka 1947 damu ya kima namba 766, aliyewekwa katika kizimba juu ya mti katika msitu wa Zika, ilidungwa katika ubongo wa panya, na dunia ikapata neno Zika. Na mwezi wa Januari 2017 homa ya ndege yenyewe ilibisha hodi: ndege wa porini walikutwa wamekufa katika ghuba ya Lutembe, kando ya Ziwa Viktoria, na bata na kuku wa kufugwa huko Masaka. Vipimo vilionyesha aina ya H5N8. Kenya na Rwanda zilizuia kuku wa Uganda wasiingie, na wenye mabanda waliokuwa na mikopo walikiona cha moto.

Ng'ombe na maziwa

Mwezi wa Machi 2024 lilitokea jambo ambalo wataalamu wengi hawakulitazamia. Huko Texas, Marekani, ng'ombe wa maziwa walipungukiwa na maziwa, na yaliyotoka yakawa mazito na ya rangi ya manjano. Ilikuwa ni H5N1. Virusi vilikuwa vimeingia kiwele, na maziwa yalijaa virusi. Katika shamba moja la Texas paka waliokuwa wakinyweshwa maziwa mabichi walifikia 24 hivi. Zaidi ya nusu yao walikufa.

Mara hiyo pia panya waliulizwa. Katika maabara ya Wisconsin panya wa BALB/c walitiwa kinywani, si puani, matone ya maziwa mabichi ya ng'ombe wagonjwa. Siku iliyofuata manyoya yao yalikuwa yamesimama nao wamelegea. Siku ya nne waliuawa, na virusi vilikutwa kwa wingi katika pua na mapafu, na kwa kiasi cha wastani katika viungo vingine. Baadhi yao walikuwa navyo hata katika tezi za maziwa, ingawa hawakuwa wakinyonyesha.

Watafiti hao walijaribu pia jambo ambalo kila mwenye jiko angelitaka kulijua. Maziwa yenye virusi yaliwekwa katika ubaridi wa digrii 4, yaani wa jokofu la nyumbani. Baada ya majuma 5 virusi vilikuwa bado hai, vimepungua tu. Kisha maziwa yalipashwa moto. Kwa digrii 63 kwa nusu saa, virusi havikuonekana tena. Kwa digrii 72 kwa sekunde 15 au 20, virusi vilipungua mno lakini havikwisha kabisa, ingawa watafiti wenyewe walionya kwamba kifaa chao kidogo si sawa na mitambo ya kiwandani. Maziwa yanayochemshwa nyumbani katika sufuria hadi yakafurika hufikia karibu digrii 100, na hubaki na joto kali kwa dakika kadhaa baada ya kuepuliwa. Mama anayeyachemsha kwa sababu alifundishwa hivyo na mama yake, kwa kuogopa kifua kikuu na homa ya kutupa mimba ya ng'ombe, huwa ameviua na virusi hivi vilevile.

Mwaka huo huo wa 2024, katika jimbo la New Mexico, ambako ng'ombe walikuwa wameugua, wataalamu wa serikali waliwapima panya wadogo wa nyumbani. Baadhi yao walikutwa na H5N1. Hao hawakuwa weupe, wala hawakuzaliwa kizimbani, na hakuna mtu aliyewadondoshea tone puani.